Kabla Seva ya Duka Haijahamia Kwenye Wingu

Chukua duka la jumla la vipuri pale Kariakoo: kaunta nne, stoo moja Gerezani, na seva iliyokaa chini ya meza ya mhasibu, pembeni ya UPS ambayo betri yake imeshachoka. Mwenye duka akitaka kuhamia kwenye wingu, yaani seva za kukodi zinazofikiwa kwa intaneti, huanza kwa kuuliza bei. Mimi naanza na swali hili: humo ndani, nini kinategemea nini?

Chora kwenye karatasi. Programu ya mauzo inasoma kanzidata (hifadhi ya bei, bidhaa na ankara kwenye seva), mashine ya risiti inaisubiri programu, printa ya stoo inachukua oda kwenye seva ileile, na mhasibu ana faili la Excel linalovuta bei kutoka hapohapo, jambo ambalo mara nyingi hakuna mwingine anayelijua. Tenga siku tatu hadi tano kwa kazi hii na usiiharakishe.

Kosa ninalolikuta zaidi ni kuhamisha kanzidata peke yake na kuiacha programu dukani. Ndani ya duka, ombi moja kwa kanzidata hujibiwa chini ya milisekunde 1, hivyo aliyeandika programu hakuona shida kutuma maombi 200 ili kufungua ankara moja. Sasa kanzidata ikiwa Afrika Kusini, na kila ombi likitumia milisekunde 60 kwenda na kurudi, ankara ileile itafunguka kwa sekunde 12. Mteja amesimama na hela mkononi, foleni inarefuka. Watu hukimbilia kununua laini ya intaneti yenye kasi zaidi, na haisaidii, maana kinachochelewesha ni safari zenyewe, tena nyingi. Programu na kanzidata vihame pamoja, kaunta zibaki na kivinjari tu.

Pima ping, yaani muda wa ombi kwenda na kurudi, ukiwa dukani, asubuhi na jioni, kabla ya kuchagua kituo cha data cha kuhamia. Microsoft wako Johannesburg tangu 2019, Amazon Cape Town tangu 2020, Google Johannesburg tangu 2024. Hapa nyumbani kuna kituo cha taifa cha data Kijitonyama. Kama taarifa za wateja zinatoka nje ya nchi, soma kwanza Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Ina masharti juu ya kusafirisha taarifa hizo, na inadai usajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Halafu hesabu muda wa kupakia. Gigabaiti 500 kwa laini ya megabiti 20 kwa sekunde ni kama saa 56, laini isipokatika. Hakikisha hiyo 20 ni ya kupakia, kwa sababu vifurushi vingi hutangaza kasi ya kupakua. Pakia nakala kamili wiki moja kabla, kisha usiku wa kuhama peleka mabadiliko tu.

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika baharini, na Tanzania ikabaki na intaneti ya kubahatisha. Laini mbili za kampuni mbili tofauti zinaweza kuwa zinapita mkongo mmoja. Waulize wote wawili, wakujibu kwa maandishi. Na programu iweze kuuza bila mtandao, ikitunza mauzo kwenye kompyuta ya kaunta mpaka laini irudi. Kwa maoni yangu, isiyoweza hivyo haifai kuhamishwa bado.

Bili huja kwa dola, kwa hiyo weka ujumbe wa tahadhari wa kukuarifu matumizi yakizidi siku ileile unayofungua akaunti. Ukifuta seva, angalia kama diski yake imefutwa pia. Ikibaki, inaendelea kulipiwa kimyakimya.

Nakala rudufu ijaribiwe kwa kuirejesha kwenye mashine tupu na kufungua ankara ya jana. Ikifunguka, ndipo uhame. Seva ya zamani usiiuze wala kuifuta: iache iwe ya kusoma tu, mpaka mhasibu afunge hesabu za mwezi mzima kwenye mfumo mpya na zilingane.