Faili Moja, Vifurushi Viwili: Usiilazimishe dpkg

Unasakinisha programu kwenye Ubuntu, mfumo wa kompyuta wa jamii ya Linux, kazi inakatika, na kwenye skrini yanabaki maneno "trying to overwrite" (inajaribu kuandika juu ya), mahali faili lilipo na jina la kifurushi kingine, yaani fungu jingine la mafaili ya programu. dpkg, chombo cha Ubuntu kinachosakinisha na kuondoa vifurushi, imeona kifurushi kipya kinataka kuweka maktaba (faili la msimbo linalotumiwa na programu nyingi) juu ya maktaba ya mwenzake, ikagoma. Imefanya vyema.

Hapo wengi hukimbilia --force-overwrite, amri ya kuilazimisha dpkg iandike juu ya faili lililopo. Nakusihi, usiitumie kwa maktaba yoyote iliyo chini ya /usr/lib, folda ya maktaba za mfumo. Siku hiyo huenda usione kasoro: faili jipya linachukua nafasi, na umiliki unahamia kwa kifurushi kipya. Madhara huja baadaye. Ukikiondoa kifurushi hicho miezi sita mbele, dpkg inalifuta na faili lenyewe, huku kifurushi cha awali kikiendelea kuorodheshwa kana kwamba ni kizima. Programu zote zilizotegemea maktaba ile zinakataa kuwaka, na fundi anahangaika kutafuta kosa la leo ambalo lilitendeka zamani.

Mabadiliko ya 2024 yanaonyesha namna kazi hii inavyofanywa ipasavyo. Mifumo ya biti 32 inayohesabu sekunde tangu 1970 itaishiwa na nafasi tarehe 19 Januari 2038, saa 12:14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Kwa ajili hiyo Debian (mfumo ambao Ubuntu imejengwa juu yake) na Ubuntu walihamia hesabu ya biti 64, wakabadili majina ya vifurushi vingi vya maktaba. Kwenye Ubuntu 24.04, libssl3, kifurushi cha maktaba ya mawasiliano salama, ikawa libssl3t64. Faili la ndani, libssl.so.3, halikubadili jina. Ugomvi haukutokea kwa sababu kifurushi kipya kinatamka, kupitia vipengele vya Replaces na Breaks, kwamba kinashika nafasi ya kile cha zamani. Vifurushi vya nje, yaani visivyotoka kwenye hazina ya Ubuntu yenyewe, mara nyingi havina tamko hilo.

Basi anza kwa kuuliza kifurushi kimetoka wapi: andika kwenye terminali apt-cache policy, kisha jina la kifurushi. Viulizie vyote viwili, maana wakati mwingine kile cha nje ndicho kilichotangulia kuingia, na kinachozuiwa ni kifurushi halali cha Ubuntu. Cha nje kikiwa kilitengenezwa kwa toleo la zamani la Ubuntu, mathalani 22.04, tafuta cha toleo lako. Programu inayong'ang'ania maktaba ya zamani ipewe nakala yake ndani ya /opt, folda ya programu za ziada. Mwisho endesha apt --fix-broken install, inayorekebisha usakinishaji uliokatika, na usome orodha ya vitakavyoondolewa kabla hujakubali.