Kizuizi Kisicho Ukuta: Dhana Potofu Kuhusu Plazma ya Tokamaki

Hapa Dodoma, mazungumzo ya nishati ya nyuklia hayakawii kufika Bahi na Manyoni, ambako urani iko ardhini. Ndiyo maana wengi huamini kwamba mtambo wa myeyungano wa nyuklia nao hula urani, na kwamba unaweza kulipuka. Ukweli ni kwamba myeyungano huunganisha viini vyepesi vya haidrojeni, yaani deuteriamu na tritiamu, ilhali urani ni ya mitambo inayopasua viini vizito. Tritiamu ina mionzi na lazima itunzwe kwa uangalifu, lakini hilo ni jambo jingine.

Hofu ya mlipuko huongezeka mtu anaposikia kwamba plazma, ambayo ni gesi iliyochemka hadi elektroni zikaachana na viini, hufikishwa nyuzi milioni 150 za Selsiasi, tena haitulii. Ni kweli haitulii. Hata hivyo, katika ITER, tokamaki (yaani mtambo wenye umbo la pete unaoishikilia plazma kwa sumaku) inayojengwa Cadarache, Ufaransa, ambayo plazma yake itajaza mita za ujazo zipatazo 830, fueli itakayokuwamo kwa wakati mmoja haitafika gramu moja. Plazma ikivurugika hupoa, na mmenyuko hukoma wenyewe. Kinachoumia ni mtambo: mkondo wa mamilioni ya ampea uliokuwa ukipita ndani ya plazma hukatika ghafla, nguvu za sumaku huutikisa mtambo mzima, na elektroni zilizopata kasi kubwa zinaweza kuyeyusha sehemu za ukuta.

Dhana ya pili huwapata hata wanafunzi wazuri wa fizikia, nayo ni kudhani kwamba kizuizi cha upitishaji, yaani kile kinachopunguza uvujaji wa joto kutoka kwenye plazma, ni kifaa kilichofungwa na mafundi. Hakuna kifaa cha namna hiyo. Mwaka 1982, katika mtambo wa ASDEX uliokuwa Garching, Ujerumani, Fritz Wagner na wenzake waliona jambo ambalo hawakulitarajia. Mazoea yalikuwa kwamba kadiri plazma inavyopashwa joto zaidi ndivyo inavyozidi kulipoteza. Lakini nguvu ya kupasha ilipovuka kiwango fulani, plazma ilibadilika yenyewe, ikaweza kuhifadhi joto lake kwa muda unaokaribia mara mbili ya ule wa awali. Kizuizi chenyewe ni tabaka la pembezoni lenye unene wa sentimita chache tu, ambamo uga wa umeme huifanya plazma itiririke kwa kasi inayotofautiana kutoka tabaka hadi tabaka. Aliyeona kisulisuli cha vumbi kwenye nyanda za Dodoma wakati wa kiangazi, kikipinda na kukatika pale upepo wa juu unapokwenda kasi kuliko wa chini, anaweza kupata picha: tofauti hiyo ya kasi huivunja mizunguko midogo ya msukosuko ambayo ndiyo huchota joto katikati na kulitoa nje. Kwangu mimi, hili ni miongoni mwa mambo mazuri mno katika fizikia yote, kwamba mwendo wa plazma ndio unaoizuia plazma.

Kutokana na hayo mtu hufikiri kwamba kizuizi kikiwa imara zaidi ni heri zaidi. La hasha. Mgandamizo unaposhuka kwa mteremko mkali mno pembezoni, plazma hupasuka kwa vipindi na kurusha joto na chembe kwenye ukuta, na katika mtambo mkubwa mapigo hayo yangeila tangsteni ya ukuta haraka. Kwa upande mwingine, plazma isiyovuja kabisa hujaa uchafu pamoja na heliamu, ambayo ni majivu ya myeyungano. Kwa hiyo kizuizi hulegezwa makusudi. ITER imepangiwa koili 27 ndani ya chombo chake za kuusumbua kidogo uga wa sumaku, na njia nyingine ni kurusha vipande vidogo vya haidrojeni iliyoganda, ili mapigo yawe mengi lakini madogo.