Kempingi na familia: tunayoambiana kuhusu mbu, mbung'o na kupe, na ukweli wenyewe

Familia nyingi siku hizi zinapanga kwenda kulala porini, wengine Mikumi, wengine Saadani au Tarangire, wengine msitu wa Pugu tu pale Kisarawe, na ni jambo zuri mno watoto wakiijua nchi yao wangali wadogo. Ila ushauri tunaopeana kuhusu wadudu kabla ya safari una mambo mengi ambayo sio kweli, na anayeumia ni mtoto. Ukizichunguza dhana zenyewe utakuta karibu zote zina mzizi mmoja, kwamba wadudu wote tunawachukulia kama mbu, tunaamini wote wanakuja usiku, afu tunatafuta kitu kimoja cha kuwamaliza wote. Hamna kitu kama hicho. Kila mdudu ana saa zake na ana kinachomvuta, na kinachomzuia huyu yule mwingine hakimsumbui kabisa.

"Mchana hamna shida, tutajipaka dawa jioni"

Hii ndio naiona mbaya kuliko zote. Mbu wa malaria, Anofelesi, ni kweli anauma kuanzia giza linapoingia mpaka alfajiri. Lakini Aedesi, yule mweusi mwenye madoadoa meupe miguuni, anauma mchana, hasa asubuhi na kuelekea magharibi, na huyo ndiye anayeleta homa ya dengi. Watu wa Dar mnakumbuka mlipuko wa 2014 na wa 2019 ulivyokuwa. Aedesi hahitaji bwawa wala mto, anazaliana kwenye maji kidogo tu yaliyotuama, kifuu cha nazi, kopo, tairi, ndoo ya maji ya vyombo iliyosahaulika nyuma ya jiko la kambi. Kwa hiyo ukifika kwenye kampsaiti kabla hujafungua tenti zunguka uone kama kuna vitu vimetupwa vina maji, vimwage. Mbu waliopo wameshazaliwa, hutawaondoa kwa siku moja, ila familia itakayokuja wiki ijayo itakushukuru.

Na mbung'o sasa, wengine mnamwita ndorobo. Huyu ni wa mchana kabisa, jua likiwaka ndio kazi yake, na anatafuta kitu kikubwa kinachotembea, ndio maana gari likiwa kwenye mwendo mdogo wanalifuata kama vile ni nyati. Dume na jike wote wananyonya damu, tofauti na mbu ambaye anayeuma ni jike peke yake. Anapenyeza mdomo kwenye nguo nyepesi, leggingi za watoto kwake sio kitu. Ukimpiga kofi anaanguka unadhani amekufa kumbe baada ya muda anaruka tena, mwili wake mgumu, inabidi umbane kweli kweli.

Watu wanasema "paka dawa ya mbu tu, hata mbung'o hakusogelei". Sio kweli, zile losheni zinamsumbua kidogo sana. Kinachosaidia ni nguo nene kidogo za mikono mirefu, vioo vya gari kupandishwa mkipita kwenye vichaka na miti yenye kivuli, na rangi. Rangi ni muhimu jamani. Mbung'o anavutwa na bluu na nyeusi, na ndio maana kwenye hifadhi kama Serengeti na Tarangire mnaona vitambaa vya bluu na nyeusi vimening'inizwa, wengine wanafikiri ni alama za njia, kumbe ni mitego ina dawa ya kuua wadudu, watoto wasivishike. Sasa wewe unamvalisha mtoto jinzi ya bluu na fulana nyeusi halafu unashangaa mbona wote wanamwendea yeye! Vaeni rangi ya udongo, kijivu chepesi, kaki ya kawaida (sio kombati za jeshi, hizo kwa raia haziruhusiwi).

Wengine wanasema malale, ule ugonjwa wa usingizi unaoletwa na mbung'o, yaliisha zamani, ni hadithi za wazee. Kwa mgeni wa siku mbili hatari ni ndogo, ni nadra sana, sitaki kumtisha mtu. Lakini haijaisha, mwaka 2001 kuna watalii kadhaa walipatikana na malale baada ya kutembelea hifadhi zetu za kaskazini, na aina ya malale ya huku kwetu Afrika Mashariki inakwenda kasi, ni suala la wiki sio miaka. Mahali ambapo mbung'o aliisha kweli ni Unguja, walimwaga mbung'o madume waliohasiwa kwa mionzi, wakawaachia kwa ndege kuanzia 1994, majike wakapandwa na madume yasiyozalisha mpaka kizazi kikakatika, na 1997 kisiwa kikatangazwa hakina mbung'o tena. Bara hali ni tofauti, pori ni kubwa mno.

"Washa moto, moshi utawafukuza"

Moshi unapunguza kidogo kwa wale waliokaa upande unakoelekea, na upepo ukigeuka umekwisha. Majani ya kivumbasi yakitupwa kwenye moto au kupondwa yana msaada kiasi, bibi zetu hawakukosea, ila ni msaada wa muda mfupi, sio wa kuutegemea ukalala. Na kuna Anofelesi wanaouma nje mapema tu jioni, wakati ule ule mmekaa mnasubiri nyama iive, kwa hiyo yule anayesema "mimi nina chandarua nimemaliza" naye amekosea, chandarua kinakulinda ukiwa ndani yake. Saa mbili za usiku mtoto yupo nje anachezea cheche, miguu wazi, chandarua kipo kwenye tenti kinalinda godoro.

Sasa hapa naomba tusikilizane. Kuna watu wanaingiza jiko la mkaa ndani ya tenti, ati joto pamoja na moshi wa kufukuza mbu. USIFANYE HIVYO KABISA. Mkaa unaowaka unatoa hewa ya kaboni monoksaidi, haina harufu, haionekani, mtu analala usingizi na haamki, na mkaa ukishakuwa mwekundu bila moshi ndio unadhani uko salama kumbe bado unatoa ile ile. Hata zile dawa za mbu za kuwasha za mzunguko, wekeni nje mlikokaa, sio kwenye tenti iliyofungwa. Watafiti waliopima moshi wake mwaka 2003 walikuta kipande kimoja kikiungua chote kinatoa vumbi laini sawa na sigara 75 mpaka 137. Mpeleke mtoto mwenye pumu ndani ya tenti na kitu hicho uone.

Kitu ambacho watu hawakipi uzito ni upepo. Mbu ni mdudu dhaifu kuruka, kwa hiyo tenti ikiwekwa pahali palipoinuka, wazi, mbali na majani marefu na maji yaliyotuama, umeshapunguza tatizo kabla hujatumia hela yoyote. Na zipu. Tenti nzuri yenye wavu haina faida kama watoto wanaingia na kutoka zipu wazi kuanzia saa kumi na moja jioni, wekeni sheria kwamba anayepita anafunga, na mkubwa aingie na tochi kabla ya kulala aue waliobaki ndani.

"Sisi wenyeji tuna kinga, malaria ni ya wazungu"

Kinga ya malaria ipo lakini ni nusu nusu, inajengwa kwa kuumwa mara kwa mara miaka na miaka, na ukihama inapungua. Mtoto aliyezaliwa Arusha mjini, Njombe au Nairobi, sehemu za baridi ambako malaria ni kidogo, hana kinga yoyote ya maana ukimpeleka Kilombero au kandokando ya Ziwa Viktoria. Kwa malaria huyo ni mgeni sawa na mtalii. Na watoto chini ya miaka 5 na wajawazito ndio wanaozidiwa haraka kuliko wote. Mama mjamzito pia mbu wanamwendea zaidi kwa sababu anatoa joto na pumzi nyingi kuliko wengine, kwa hiyo ikiwa chandarua ni kimoja tunajua kinaenda kwa nani, kwake na kwa mtoto mdogo.

Tukiwa hapo hapo, embe haileti malaria. Miwa pia hapana. Msimu wa embe na mvua vinakutana na mbu wanakuwa wengi, basi. Na mbu haambukizi Ukimwi, kirusi hakiishi wala kuzaliana ndani yake.

Vitu vya kununua ambavyo havifanyi kazi

Programu ya simu inayotoa mlio wa kufukuza mbu: haifanyi kazi, zimepimwa kwenye mazingira halisi na mbu waliendelea kuuma kama kawaida. Bangili za mchaichai: labda sehemu ndogo karibu na kifundo cha mkono, mguu upo wazi. Kula vitunguu swaumu au kumeza vitamini B: hapana. Taa za bluu za kukaanga wadudu zinatia moyo kwa ule mlio, lakini mwaka 1996 watafiti wa Delaware kule Marekani walihesabu wadudu 13,789 waliouliwa na taa hizo, na wanaouma walikuwa 31 tu, waliobaki ni nondo na vidudu visivyo na kosa lolote. Mbu anakufuata kwa pumzi yako, harufu ya ngozi na joto, taa sio kipaumbele chake.

"Damu tamu" nayo tuiache, utamu wa damu mbu hajui, ila ni kweli watu hatufanani harufu na wengine wanaumwa zaidi. Akina baba mjue kwamba Burkina Faso walipima 2010 wakakuta mtu akinywa bia mbu wa malaria wanamwendea zaidi.

"Dawa ya kupaka ikiwa kali ndio bora, na kwa mtoto hapana kabisa"

Hapa kuna makosa mawili yanayopingana. Kwenye lebo tafuta DEET au ikaridini, hizo ndizo kemikali zinazofukuza wadudu. Asilimia kubwa haimaanishi inafukuza kwa nguvu zaidi, inamaanisha inakaa muda mrefu zaidi, kwa hiyo DEET ya asilimia 20 hadi 30 inatosha jioni nzima, ya 80 huna haja nayo. Na watoto wanapakwa, isipokuwa kichanga chini ya miezi 2, huyo mfunike kwa wavu. Mafuta ya mkaratusi wa limau yanaonekana "ya asili" kwa hiyo mtu anadhani ndio ya mtoto mchanga, kumbe hayafai kwa mtoto chini ya miaka 3. Mpake wewe, weka mkononi mwako kwanza ndio umpake usoni, ruka macho na mdomo, na viganja vyake usipake maana vitaenda mdomoni. Kama kuna losheni ya jua, hiyo inatangulia, ya wadudu inafuata. DEET inaharibu plastiki na baadhi ya nguo kama za reyoni na spandeksi, angalia miwani.

Kwa nguo kuna permethrini, dawa iliyotengenezwa kwa kuiga nguvu ya pareto, hii hii inayolimwa Iringa. Inapulizwa kwenye nguo na tenti, inaachwa ikauke ndio unavaa, na inakaa hata ukifua mara kadhaa. Kwenye ngozi hapana. Na kama mna paka nyumbani asiwe karibu ikiwa mbichi, ni sumu kwake.

Kupe na papasi

"Mchome na sigara", "mpake mafuta ya taa", "mpake vaselini ataachia mwenyewe". Yote mabaya, kupe akisumbuliwa anaweza kutapika mate yake ndani ya jeraha na ndimo vijidudu vilimo. Chukua kibano, mshike karibu kabisa na ngozi, vuta polepole kunyooka bila kuzungusha, osha na sabuni. Kila jioni kagueni watoto nyuma ya masikio, makwapani, kiunoni, nyuma ya magoti. Soksi juu ya suruali inaonekana ushamba lakini inafanya kazi.

Halafu wapo wanaoona kulala kwenye banda la udongo lililoachwa ni salama kuliko tenti. Papasi, ndugu yake kupe, anakaa kwenye nyufa za sakafu na kuta hizo, anatoka usiku, ananyonya dakika chache anarudi, asubuhi huoni kitu, na homa ya papasi inakuja na kuondoka na kurudi tena. Lala kwenye tenti.

Nairobi flai, yule mwembamba mwekundu na mweusi, haumi kabisa. Ukimponda kwenye ngozi maji ya mwili wake ndiyo yanayounguza. Mpulize aruke, au mwondoe kwa karatasi, osha kwa sabuni.

"Homa ya kesho yake ni malaria ya kambini"

Malaria inachukua angalau siku 7 hivi tangu kuumwa, mara nyingi zaidi ya hapo. Mtoto akipata homa siku ya pili ya kempingi hiyo ameitoa nyumbani, na bado anapimwa, kwa sababu nyumbani pia kuna mbu. Hatari ni ile homa ya wiki mbili au tatu baadaye, safari mmeshaisahau, mnampa dawa ya mafua. Na msikimbilie diklofenaki au aspirini kabla hamjajua ni nini, kwenye dengi zinaweza kuongeza kutoka damu, parasetamoli inatosha mpaka mfike hospitali. Mkifika mwambieni daktari mlilala wapi na tarehe zipi, kama kuna aliyetolewa kupe, kama kuna kidonda cheusi kwenye ngozi, kama kuna aliyeumwa na mbung'o na pale pakavimba kuwa jipu, maana vimelea vya malale vinatafutwa kwenye damu kwa darubini na kile kipimo cha haraka cha malaria hakiwezi kuvionyesha.