Msimbo kuwa wazi si mlango kuwa wazi

Kwa mafundi kompyuta wa Kariakoo hoja hii haiishi: Linux, mfumo endeshi wa kompyuta, si salama, maana msimbo wake (maandishi yanayoiunda) uko wazi na mwizi yeyote anausoma. (Wengi wanaisema wakiwa na simu ya Android mkononi, ambayo kiini chake ni Linux.) Lakini anayeingia kwenye seva anahitaji nywila au ufunguo, na hivyo havikai kwenye msimbo.

Chukua kisa cha Machi 2024. Mtu aliyejijengea imani kwa zaidi ya miaka miwili katika mradi wa xz, programu ya kubana mafaili inayotumika kwenye Linux, alipenyeza mlango wa siri. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft (ndiyo, Microsoft!), aliona kuingia kwenye seva kwa SSH (njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali) kunachelewa kama nusu sekunde. Akachimba hadi akaukuta. Programu ingekuwa imefungwa, angechimba wapi?

Uwazi pekee hautoshi, hilo nakubali. Heartbleed, kasoro iliyotangazwa 2014 ya OpenSSL (programu ya msimbo wazi inayolinda mawasiliano ya mtandaoni), ilikuwa imekaa hadharani miaka miwili bila kuonekana, kwa kuwa waliokuwa wakiukagua msimbo huo walikuwa wachache mno.