Matumizi mchanganyiko ya ardhi: maana yake, na yanavyopangwa kando ya mto palipokuwa na viwanda

Matumizi mchanganyiko ni mpango unaoruhusu makazi, maduka, ofisi, karakana ndogo na sehemu za kupumzikia kukaa katika eneo moja, pengine ndani ya jengo moja, badala ya kila shughuli kutengewa upande wake wa mji. Aliyewahi kupita Kariakoo, au mitaa ya Madukani hapa Dodoma, anaujua mfano wake: fremu chini, familia juu, fundi cherehani barazani. Kinachoongezwa na wataalamu wa mipangomiji ni kulipanga jambo hilo kwa makusudi na kuliingiza kwenye mchoro na kwenye masharti ya hati.

Wengi wakilisikia wanafikiria ghorofa refu lenye supamaketi chini. Hilo ni jengo tu. Mimi naona kipimo cha kweli ni saa: nani yupo mahali hapo saa mbili asubuhi, nani saa nane mchana, nani saa tatu usiku. Tazama Mji wa Serikali Mtumba, takriban kilomita 17 kutoka katikati ya jiji. Asubuhi magari yanaelekea huko, na ofisi zikifungwa saa tisa na nusu yanarudi kwa barabara ileile. Mama lishe anayetegemea ofisi peke yake anauza chakula cha mchana basi, jioni hana mteja. Palipo na ofisi, vyumba vya kupanga na karakana pamoja, mtu huyohuyo anauza chai, wali na chipsi, na mtaa haubaki giza.

Sasa tuliweke wazo hili kwenye ardhi ya viwanda iliyo kando ya mto, kwani huko ndiko lina uzito zaidi. Sehemu nyingi duniani viwanda vya zamani vilikaa mtoni kwa sababu vilihitaji maji ya kuoshea na kupozea mitambo, na njia rahisi ya kumwaga uchafu. Dodoma historia ni nyingine kidogo: hapa maghala na viwanda vilifuata reli, kama pale Kizota, na makorongo yanaukatiza mji yakipita nyuma ya kuta za watu. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, kiwanja chochote chenye godauni kuukuu karibu na katikati ya mji kinatamaniwa na wajenzi. Na wengi wanaanza na picha ya ghorofa. Naamini waanze na udongo.

Ardhi ya kiwanda ina mabaki. Kuna mafuta machafu yaliyomwagwa nyuma ya jenereta, madini ya risasi kutoka kwenye betri, kemikali ya kromiamu palipokuwa na kiwanda cha ngozi, na mapaa ya asbesto ambayo yakivunjwa kwa nyundo hutoa vumbi la hatari kwa mapafu. Kwa hiyo sampuli zichukuliwe kwa kina tofauti, hasa chini ya matangi, kwenye sakafu za karakana na pale mtaro wa kiwanda ulipotokea. Udongo mbovu ama unachimbwa na kupelekwa mahali panaporuhusiwa, ama unafunikwa na juu yake yanawekwa maegesho ya magari. Haufai kuachiwa mboga wala uwanja wa watoto. Dodoma jambo hili lina uzito wa pekee, kwani jiji limeishi miongo mingi kwa maji ya visima vya bonde la Makutupora, na wakazi wengi wana visima vyao. Sumu iliyoachwa ardhini ikifika kwenye maji ya chini, haionekani kwa macho.

Halafu mto wenyewe. Mito yetu ni ya msimu. Agosti utakuta mchanga mtupu, mbuzi wanavuka, lori linapakia mchanga, na akina mama wamefukua visima vya muda kutafuta maji yaliyojificha chini yake. Mgeni akiona hivyo anaweza kudhani ni kiwanja. Ikifika Januari, mvua ikinyesha huko juu, maji mekundu yanashuka kwa kishindo hata kama pale uliposimama halijadondoka tone. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko ya bonde la mito ya Kinyasungwe na Mkondoa yaliiharibu Reli ya Kati, kati ya Kilosa na Gulwe, na treni zikasimama kwa miezi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inataka shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, zikae mita 60 kutoka mtoni. Chukua kiwanja chenye kina cha mita 200 kutoka ukingoni. Mita 60 za kwanza zimeondoka. Wajenzi wengi huziita hasara. Kwangu hizo ndizo zinazoupa mradi thamani: miti ya asili, njia ya waenda kwa miguu, uwanja wa mpira unaoweza kulowa siku mbili bila mtu kudhurika. Nyuma yake majengo yaelekeze milango mtoni, si vyoo na majalala.

Hamburg, Ujerumani, wamefanya kazi ya namna hii kwa kiwango kikubwa. HafenCity, eneo la bandari ya zamani lenye takriban hekta 157 kando ya mto Elbe, lina makazi, ofisi, chuo na maduka pamoja. Kwa kuwa mto unafurika, ardhi ya majengo iliinuliwa hadi mita nane hivi juu ya usawa wa bahari, na njia za chini za kando ya maji zikaachwa zifurike.

Kuchanganya kuna ugomvi wake pia. Fundi wa kuchomelea na mtoto mchanga hawawezi kugawana ukuta. Dawa yake si kumfukuza fundi. Mpeleke upande wa barabara kuu, umpe ukuta mnene na uwanja wa nyuma wa kushushia vyuma, kisha weka ofisi kati yake na vyumba vya kulala. Fremu nazo ziwe za ukubwa tofauti, maana zikiwa kubwa zote, ni benki pekee itakayoweza kuzipanga.

Mwisho kuna makaratasi. Kiwanja chenye hati ya viwanda hakijengwi nyumba za kuishi mpaka mmiliki aombe kubadili matumizi kupitia halmashauri, na mradi mkubwa unapitia tathmini ya athari kwa mazingira. Ghorofa likishasimama, sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo (Unit Titles Act) inaruhusu kila mwenye sehemu apate hati yake, na wamiliki wawe na chombo cha pamoja. Chombo hicho ndicho kinachopanga nani analipia lifti, taka na mlinzi, na ni vizuri makubaliano hayo yaandikwe kabla mnunuzi wa kwanza hajalipa, kwa sababu mwenye mgahawa wa chini anazalisha taka nyingi kuliko mwalimu anayeishi ghorofa ya tatu.