Mgombea mpya na kalamu ya vikao

Kila msimu wa fomu za kugombea ukifika, barzani hoja huwa ni ile ile, Unguja na Pemba: safari hii chama kimeleta vijana na wasomi, sasa kitabadilika. Tunaotoa elimu ya mpiga kura tunaulizwa hili mara kwa mara, na jibu letu, kwamba sura mpya peke yake hazibadilishi chama, huwavunja moyo wengi.

Hapa kwetu hakuna mgombea binafsi. Anayeutaka uwakilishi, yaani kiti katika Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, lazima adhaminiwe na chama. Watia nia huchukua fomu, hupigiwa kura za maoni, kisha majina hupanda kwenye vikao vya juu vya chama, na huko aliyeongoza anaweza kukatwa akarudishwa wa pili au wa tatu. Anayepita anajua fika kapitishwa na nani, na ndio maana wengi walioingia na moto hupoa mapema. Tusiwalaumu sana.

Asiyepoa naye ana gharama zake. Agosti 2013 Halmashauri Kuu ya CCM ilimvua uanachama Mansoor Yussuf Himid, Mwakilishi wa Kiembesamaki, aliyekuwa akipinga hadharani muundo wa Muungano wa serikali mbili, ambao ndio sera ya chama. Hakuwa mgeni chamani. Alishawahi kuwa waziri. Kadi ilipokwenda, kiti kilikwenda nayo. Februari 2014 ukafanyika uchaguzi mdogo, CCM ikasimamisha mtu mwengine na ikashinda. Sera haikutikisika.

Hata hivyo vyama hubadilika. ACT-Wazalendo ilisajiliwa 2014 na kwa miaka kadhaa haikuwa na mizizi ya maana visiwani. Machi 2019 Maalim Seif Sharif Hamad, aliyekuwa Katibu Mkuu wa CUF, akahama CUF na kujiunga nayo, na kauli ya "shusha tanga, pandisha tanga" ikaenea. Ofisi zilizokuwa za CUF zikapakwa rangi ya zambarau. Hapo hakuhama kiongozi peke yake: wanachama walihama na matawi yao, na chama walichokikuta hakikubaki kile kile.

Nguvu, basi, iko kwa wanaokaa vikaoni na wanaowachagua wao. Safari yao huanzia kwenye uchaguzi wa tawi, ambao wengi wetu hutupita kimya tukisubiri mikutano ya kampeni. Mgombea akija kukuomba kura, usiishie kumuuliza barabara na maji. Muulize anaingia kikao gani cha chama chake, ni kifungu gani cha katiba ya chama anachotaka kibadilishwe, na nani mwengine mle ndani yuko naye.