All Directions ya The Temptations: Yanayosimuliwa na Yaliyokuwa

Albamu ya All Directions, ambayo The Temptations, kundi la waimbaji wa Marekani, waliitoa mwezi Julai 1972 chini ya lebo ya Gordy, tawi la kampuni ya Motown, ina nyimbo nane, lakini wengi wanaoitaja wanaujua mmoja tu. Wimbo huo, "Papa Was a Rollin' Stone", ulikua mpaka ukaifunika albamu nzima, na karibu kila lisilo sahihi linalosemwa kuhusu albamu hii limezaliwa na umaarufu wake.

"Dennis Edwards alikuwa akimlilia baba yake mwenyewe."

Hili ndilo simulizi linalopendwa kuliko yote. Wimbo unafunguliwa na mwana anayeitaja tarehe 3 Septemba kuwa siku aliyofariki baba yake, na inasemekana kwamba Edwards, mmoja wa waimbaji wa kundi, anayeuimba mstari huo, alifiwa na baba siku hiyo hiyo; kwamba mtayarishaji Norman Whitfield alilijua jambo hilo na akalitumia kwa makusudi; na kwamba ghadhabu tunayoisikia ni ya mtu aliyetoneshwa kidonda. Otis Williams, mwasisi wa kundi, alilisahihisha simulizi hilo katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1988: baba yake Edwards alifariki tarehe 3 Oktoba. Isitoshe, mzee huyo alikuwa mhubiri, na hafanani hata kidogo na baba wa kwenye wimbo, mtu wa kutangatanga asiyewaachia wanawe kitu.

Hata hivyo, ghadhabu yenyewe haikuwa ya kubuni. Edwards hakuupenda mstari ule, na Whitfield alimrudisha kuurekodi tena na tena, akikataa kila alipouimba kwa nguvu nyingi mno, hadi mwimbaji akachoka na sauti ikatoka imebanwa, chini chini, kwa uchungu wa mtu anayetamani kumaliza aende zake. Binafsi naliona tukio hili kuwa la kuvutia kuliko uzushi wa tarehe, kwa sababu linaonyesha namna Whitfield alivyofanya kazi: aliitaka hisia, na hakujali sana imetoka wapi.

"Wimbo uliandikwa kwa ajili ya The Temptations."

Haukuandikwa kwa ajili yao, na hawakuwa wa kwanza kuuimba. Whitfield aliutunga pamoja na Barrett Strong, na mapema mwaka huo huo wa 1972 ulitolewa kama singo, yaani wimbo unaouzwa peke yake nje ya albamu, na The Undisputed Truth, kundi ambalo Whitfield mwenyewe alikuwa akililea pale Motown. Toleo hilo lilikuwa fupi, la dakika tatu na nusu hivi, na halikufika mbali: liliishia nambari 63 katika chati kuu ya Marekani.

Msikilizaji wa leo anaweza kudhani kwamba kundi kubwa liliwapokonya wadogo wimbo wao, lakini huo ulikuwa mtindo wa kawaida wa mtayarishaji huyu, na mara nyingine The Temptations ndio waliopoteza. "War" ulikuwa wao kwanza, kwenye albamu ya Psychedelic Shack ya mwaka 1970, kabla Edwin Starr, mwimbaji mwingine wa Motown, hajaufikisha kileleni. "Smiling Faces Sometimes" waliurekodi kwenye Sky's the Limit ya mwaka 1971, ukaja kuwa kibao kikubwa cha The Undisputed Truth hao hao. Hata wimbo unaofungua All Directions, "Funky Music Sho Nuff Turns Me On", ulikuwa umeshatolewa na Starr. Kwa Whitfield, wimbo ulikuwa malighafi ya kufinyangwa upya hadi upate umbo lake, na mwimbaji alikuja baadaye.

"Wimbo wenyewe ni ule wa redioni."

Singo ina karibu dakika saba, nao urefu huo ulikuwa mkubwa kwa redio za wakati ule. Kwenye albamu wimbo unakaribia dakika 12, na msikilizaji hungoja karibu dakika nne kabla ya kusikia neno la kwanza. Katika muda huo besi inarudia noti zake chache bila kubadilika, gitaa la Melvin Ragin, aliyejulikana zaidi kwa jina la Wah Wah Watson, linanung'unika pembeni, tarumbeta inaita kwa mbali, na fidla zilizopangwa na Paul Riser zinapanda polepole. Anayeliona hilo kuwa utangulizi mrefu mno ameukosa wimbo, kwa kuwa nusu ya simulizi imo humo. Waliotoa tuzo za Grammy mwaka 1973 walilitambua: kundi lilipewa tuzo ya uimbaji, Whitfield na Strong wakapewa ya utunzi, na upande wa pili wa singo, wenye ala tupu, ukawapatia Whitfield na Riser tuzo ya tatu.

"Ile sauti nyembamba ni ya Eddie Kendricks."

Kendricks, mwimbaji wa sauti nyembamba wa kundi tangu mwanzo, aliondoka mwaka 1971. Sauti hiyo ni ya Damon Harris, kijana wa Baltimore aliyekuwa na umri wa miaka 22 albamu ilipotoka. Kosa hili linasameheka, maana Harris aliajiriwa kwa sababu hiyo hiyo ya kufanana naye. Paul Williams, mwimbaji mwingine wa tangu mwanzo, naye alikuwa ameacha kupanda jukwaani kwa sababu ya afya, na nafasi yake ikachukuliwa na Richard Street, ambaye hakuwa mgeni, kwani aliwahi kuimba na Otis Williams na Melvin Franklin katika The Distants kabla The Temptations hawajaundwa. David Ruffin, sauti ya "My Girl", aliondolewa tangu mwaka 1968. Si kweli pia kwamba Edwards anauimba wimbo peke yake: anapokezana na Franklin wa sauti nzito, Street na Harris, kama ndugu wanaomhoji mama yao kwa zamu.

"Ni albamu ya nyimbo za jamii na maandamano."

Upande wa kwanza unaweza kumdanganya mtu, hasa kwa "Run Charlie Run", wimbo wenye kejeli kali kuhusu Wazungu wanaohama mitaa yao pindi Weusi wanapohamia. Ugeuze upande wa pili, utakutana na "Love Woke Me Up This Morning" ya watunzi Ashford na Simpson, na "The First Time Ever I Saw Your Face" ambayo Street anaiimba kwa utulivu mkubwa, mwaka ule ule ambao Roberta Flack aliivumisha. Jina la albamu lilikuwa la kweli, ingawa nakiri kwamba upande huo hauna uzito wa ule wa kwanza.

Kuhusu chati, wengi hudhani "Papa" uliongoza kwa wasikilizaji Weusi. Uliongoza chati kuu mwezi Desemba 1972, na kwenye chati ya soul, yaani ya muziki wa Weusi, ukaishia nambari tano. Albamu ilikuwa kinyume chake: ya kwanza kwenye soul, ya pili kwenye chati kuu.

"Ushindi huo uliwaunganisha na Whitfield."

Uliwatenganisha. Waimbaji walikuwa wakilalamika tangu kabla ya All Directions kwamba ala zinawafunika, na walitamani kurudi kwenye nyimbo za mapenzi zilizowapa jina. Whitfield alijibu kwa kwenda mbali zaidi: wimbo uliobeba jina la Masterpiece, albamu ya mwaka 1973, una zaidi ya dakika 13, na sehemu kubwa ni ya wapigaji ala. Mwisho wa mwaka huo ikatoka 1990, ambayo ilikuwa albamu yao ya mwisho na mtayarishaji huyo katika kipindi hicho, na A Song for You ya mwaka 1975 ikakabidhiwa kwa watayarishaji wengine.